Tovuti 47 ndani ya chuo kimoja na wengi hawajui mwenye kurasa: mwongozo wa utawala uanzie wapi?

#1 Fundi wa Kurasa
Hamjambo wadau. Nafanya kazi idara ya TEHAMA katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, jina nitaliweka kando. Nimetiwa kwenye kamati ya kuandika mwongozo wa kusimamia na kuendeleza tovuti za kampasi nzima. Kabla ya kikao cha kwanza nikaamua kuhesabu tulicho nacho. Nimepata vikoa vidogo 47 vilivyo hai, yaani anwani za tovuti zilizo chini ya jina letu la .ac.ke. Vingi vimejengwa kwa programu ya WordPress, kadhaa kwa Joomla, viwili kwa Drupal, na kimoja ni kurasa tupu za HTML alizoandika mwanafunzi aliyehitimu kitambo.

Nikauliza kila kitivo swali moja tu: tovuti hii ni ya nani? Kwa 19 nilipata jibu. Kwa zilizobaki niliambiwa "muulize fulani", na fulani alishastaafu, au alihamia chuo kingine, au alikuwa kijana wa mafunzo ya kazini aliyekaa miezi 3.

Msimamo wangu ndio huu, nikosoeni: hatuhitaji tovuti mpya. Tumejenga mpya mara 3 tangu niajiriwe, na kila mara takataka zinarudi. Tunahitaji daftari. Kila ukurasa uwe na ofisi inayoumiliki (ofisi, si mtu) na tarehe ya kukaguliwa. Tarehe ikipita bila aliyeuthibitisha, unaondolewa hadharani unakwenda kwenye kumbukumbu. Wakubwa wangu wanataka zabuni ya muundo mpya. Nani ameshapitia haya?

#2 Kijana wa Ngara
47 kama kaunti! Na kila moja ina gavana wake, naona.

Mimi ni mjenzi wa kujitegemea, nimewahi kujenga tovuti za vitivo. Shida siyo daftari, shida ni malipo. Nalipwa kujenga, silipwi kutunza. Nikikabidhi Ijumaa, Jumatatu hakuna mtu duniani ambaye kazi yake ni kusasisha kile kitu. Joomla 3 iliacha kupata marekebisho ya usalama Agosti 2023. Drupal 7 ilifikia mwisho Januari 2025. Hebu tazama hizo zako ni matoleo gani, halafu urudi hapa.

#3 Mlinda Seva
Niongeze lililonipata mahali nilipofanya kazi zamani. Asubuhi moja mkuu wa kitivo alinipigia simu kwa hasira: akitafuta jina la kitivo chake kwenye Google, anapata matangazo ya kamari kwa Kiindonesia. Nikafungua tovuti, iko safi. Nikaitafuta kupitia Google kama alivyofanya yeye, kamari tupu. Wavamizi walikuwa wamepenya kupitia tovuti ya kongamano la 2016 iliyosahauliwa kwenye seva ileile. Mgeni wa kawaida walimwonyesha ukurasa halali. Roboti ya Google waliionyesha kurasa za kamari zisizohesabika.

Hawakutaka data yetu. Walitaka jina. Injini za utafutaji huziamini tovuti za vyuo, na anayetangaza kamari anajua thamani ya imani hiyo kuliko sisi tunaoimiliki. Kusafisha kulichukua siku 9, kwa sababu bekapu zenyewe zilikuwa na uchafu wa miezi 4.

Fundi, kagua pia rekodi za DNS (zinazoonyesha jina la tovuti linaelekea seva ipi) zinazoelekea kwenye huduma za nje mlizoacha kulipia. Mtu akiishika ile nafasi kule, anaanza kuongea na dunia kwa jina la chuo chenu, na nyinyi ndio mliomfungulia mlango.

#4 Mzazi wa Mwingi
Mimi si mtu wa kompyuta, nasoma tu, lakini hili limenigusa. Mwanangu alipoitwa chuo, tulipakua karatasi ya karo kutoka tovuti ya chuo. Nikauza mbuzi, nikakopa kwenye chama, nikafikisha kiasi kilichoandikwa. Siku ya kuripoti, Nairobi, kwenye foleni, tunaambiwa karatasi hiyo ni ya mwaka wa juzi na kuna 11,400 zaidi. Kijana alilala kwa binamu yangu Kayole siku 6 nikitafuta hizo pesa. Karani hakuwa na ubaya wowote, alinionyesha karatasi mpya kwenye tovuti hiyohiyo. Zilikuwa zote mbili. Ya zamani ndiyo inayokuja kwanza ukitafuta.

#5 Fundi wa Kurasa
Mzee, pole sana. Hilo la kurasa mbili zote hai ndilo linaloninyima usingizi. Kwetu nimezikuta karatasi za karo 5, za miaka tofauti, na hakuna hata moja iliyoandikwa mwaka juu.

#6 Mwalimu wa Jioni
Naheshimu hoja ya #1, lakini nimefundisha miaka mingi na nimeuona upande wa pili wa "kuweka kila kitu chini ya ofisi moja". Idara yetu iliwahi kuwa chini ya mpangilio wa namna hiyo. Kuweka tangazo la semina, unajaza fomu, mkuu wa idara anatia sahihi, inakwenda kwa mkuu wa kitivo, inakwenda mawasiliano, inakwenda TEHAMA. Siku 16. Semina ilishapita. Tukachanga wenyewe tukafungua tovuti nje, na hadi leo iko kule.

Hizo 47 hazikuzaliwa kwa ukaidi. Zilizaliwa kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Ukizifuta bila kuufungua, mwakani zitakuwa 60, na safari hii hazitakuwa kwenye seva yako, hutazihesabu hata.

#7 Kijana wa Ngara
#6 umesema kweli tupu. Wateja wangu wengi ni hao waliochoka kungoja.

#8 Wakili Mdogo
Kijana wa Ngara alitania kuhusu kaunti, mimi nalichukua kwa uzito. Ugatuzi wetu una Jedwali la Nne la Katiba, linalotaja kazi zipi ni za serikali kuu na zipi ni za kaunti. Mwongozo wa Fundi unahitaji jedwali kama hilo, basi. Upande wa kati: majina ya vikoa, usalama, bekapu, kiolezo, nembo, utekelezaji wa sheria. Upande wa vitivo: maneno, picha, kozi, wahadhiri, matangazo. Kitivo kisiguse seva, na kati wasihariri tangazo la semina. Kila mmoja akijua mpaka wake, zile siku 16 zinapungua zenyewe.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2018 inaigusa tovuti ya chuo moja kwa moja. Nimeona orodha za waliochaguliwa zikipandishwa na nambari za vitambulisho na za simu, na zinakaa hapo miaka.

#9 Mama Rekodi
Mwanangu wakili, turekebishe kidogo. Ya 2018 ni ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, ilitiwa sahihi Novemba mwaka huo. Na msiichukulie mbali: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja hapahapa Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Data ikivuja, chuo kina saa 72 kumwarifu Kamishna. Sasa niambieni, tovuti isiyo na mwenyewe, nani atajua imevuja ndani ya saa 72?

Nilikaa masijala karibu miaka 30. Kabla ya kompyuta, kila faili lilikuwa na nambari, na karatasi ya mbele iliyoonyesha liko kwa nani na lilitoka lini. Lisipoonekana, kuna mtu alikuwa anaulizwa. Tovuti zilipokuja, tulidhani ni matangazo ya ukutani, hatukuziona kama faili. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa maoni yangu. Daftari la Fundi ni karatasi ya mbele ya faili, halina ugeni wowote.

#10 Wakili Mdogo
Ahsante mama, 2019, nimekubali.

#11 Mlinda Seva
Jedwali la Nne ni zuri kwenye karatasi, lakini mnakumbuka yaliyofuata: kazi zilishuka kwenye kaunti na pesa zikachelewa. Mkikipa kitivo "jukumu la maudhui" bila mtu mwenye saa za kulifanya, mmekipa lawama tu. Pale kwetu "mhariri wa tovuti" wa kitivo alikuwa katibu wa mkuu wa kitivo, ambaye pia alikuwa anapanga mitihani, anapokea wageni na kuchapa kumbukumbu za vikao. Haikuwa kwenye maelezo ya kazi yake. Likizo yake ilipofika tovuti nayo ilikwenda likizo. Kabla ya kuandika sera, kaeni na watu wa rasilimali watu. Saa 4 kwa wiki ziandikwe kwenye mkataba wa mtu.

#12 Binti Maktaba
Nashangaa hakuna aliyeitaja orodha ya Webometrics, inayopanga vyuo kwa tovuti zao, ilhali kwangu ndiyo chanzo cha nusu ya vurugu hizi. Ilianzishwa na maabara ya baraza la utafiti la Hispania 2004, na imekuwa ikitoka Januari na Julai. Kila ikitoka, wakubwa wanaitisha kikao: pandisheni kurasa zaidi! Ndipo kila idara ikaambiwa ifungue tovuti yake na kila mhadhiri apandishe chochote alicho nacho. Tulijaza chuo kurasa ili tuhesabiwe.

#13 Mlinda Seva
Binti Maktaba, ilikuwa hivyo zamani. Kigezo cha idadi ya kurasa kilipunguzwa uzito na baadaye kikaondolewa. Sasa uzito mkubwa uko kwa mitandao ya nje inayoweka viungo kuelekea kwako, na kwa makala za utafiti zinazotajwa sana. Yaani ukihamisha kurasa ovyo na viungo vya zamani vikafa, unajishusha mwenyewe.

#14 Binti Maktaba
Nakubali, na unanisaidia hoja. Tuna hifadhi ya kidijitali ya tasnifu, DSpace. Kule kila kazi ina anwani isiyobadilika, hata mfumo uhamishwe seva. Anayenukuu tasnifu ya Nairobi akiwa Kampala au Oslo, kiungo chake kinaishi. Lakini kwenye tovuti kuu, kila ukarabati unavunja anwani zote. Fundi, kwenye mwongozo wako andika kwa wino mwekundu: hakuna tovuti kuhamishwa bila orodha ya anwani za zamani na zinakoelekezwa. Miaka michache iliyopita tulipoteza viungo vya miongozo yote ya maktaba kwa usiku mmoja. Wanafunzi walidhani tumeifunga huduma.

#15 Sikio
Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3, sioni. Natumia visoma skrini, programu zinazonisomea kwa sauti: NVDA kwenye kompyuta na TalkBack kwenye simu. Nimesoma uzi wote na mmezungumza wavamizi, wakubwa, magavana na Wahispania. Naomba niwaeleze Jumapili yangu usiku.

Ratiba ya mitihani inatoka. Ni karatasi iliyochapishwa, ikatiwa mhuri, ikapigwa skani, ikapandishwa kama PDF. Kwa macho yenu ni ratiba. Kwa kisoma skrini changu ni picha moja kubwa. NVDA inanyamaza kabisa. Nampigia mwenzangu anisomee. Muhula uliopita alikosea mstari mmoja, akanisomea Jumatano badala ya Jumanne. Mtihani ule niliufanya kama wa ziada, miezi kadhaa baadaye.

Kibaya zaidi, ratiba ilianza maisha yake ikiwa jedwali kwenye kompyuta ya mtu. Maandishi yalikuwepo. Mhuri ndio ulioniondolea.

#16 Mama Rekodi
Sikio, nimesoma mara mbili. Nilitia mihuri hiyo miaka mingi na sikuwahi kufikiria.

#17 Wakili Mdogo
Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo, usafiri wa umma na *habari*. Ratiba ya mitihani ni habari. Iingie kwenye mwongozo kama sharti. Viwango vya tovuti zinazofikiwa na wenye ulemavu vipo tayari, WCAG 2.1 ya 2018 na 2.2 ya Oktoba 2023: picha ziwe na maelezo, vichwa vya ukurasa viwe vichwa kweli, rangi ya maandishi na ya nyuma zitofautiane angalau 4.5 kwa 1.

#18 Mwalimu wa Jioni
Niko na Sikio moja kwa moja. Ila niweke tahadhari. Chuo cha Berkeley kule Marekani kiliambiwa na serikali kwamba video zake za mihadhara haziwafai viziwi na wasioona. 2017 kikaziondoa kwa umma, zaidi ya 20,000. Sheria ilikuwa na haki, matokeo yakawa kila mtu amekosa. Sharti likitangulia uwezo, mkuu wa kitivo mwoga atafunga ukurasa kuliko kuurekebisha.

#19 Sikio
Mwalimu, mimi siombi video 20,000. Naomba ile Excel kabla haijapigwa mhuri.

#20 Kijana wa Ngara
👏🏾 Hapo sina la kuongeza.

Swali la pembeni: kwa nini tovuti za vyuo vyetu karibu zote ni Kiingereza pekee? Mzazi wa Mwingi ametuandikia Kiswahili safi hapa, lakini karatasi ya karo anaisoma Kiingereza cha wahasibu.

#21 Mzazi wa Mwingi
Ninasomewa na binti yangu wa kidato cha 2.

#22 Wakili Mdogo
Kifungu cha 7: Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kisheria hakuna kizuizi.

#23 Binti Maktaba
Hakuna kizuizi, ila kurasa zinakuwa mara mbili na wenye kurasa hawaongezeki. Baada ya mwaka Kiswahili kitasema karo ya juzi na Kiingereza ya leo, turudi kwenye mkasa wa mzazi huyuhuyu. Mimi ningeanza na kurasa 4 tu za Kiswahili: karo, kujiunga, malazi, na namna ya kutufikia. Zikae chini ya ofisi ya msajili, zikaguliwe kila muhula.

#24 Mwalimu wa Jioni
Na tukiwa kwenye lugha, "kikoa" mmekitoa wapi? Sisi darasani tunasema "jina la mtandao".

#25 Mama Rekodi
Jamani msianze, uzi utafika Desemba.

#26 Mlinda Seva
Narudi kwenye mada. Fundi, umesema vikoa vidogo viko chini ya .ac.ke yenu. Una hakika hakuna vya nje? .ac.ke haitolewi ovyo, taasisi lazima ithibitishe ni ya elimu ya juu. Ndiyo maana watu wenye haraka hukimbilia .com au .org. Angalia majarida ya utafiti, vituo vya ushirikiano na miradi ya wafadhili.

#27 Kijana wa Ngara
.ac.ke si unaenda tu KENET wanakuuzia? Wao ndio wenye .ke.

#28 Mlinda Seva
Hapana, unachanganya. KeNIC ndiyo inayosimamia .ke yote. KENET ni mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, ulioanza 1999, na vyuo hupitia kwao kupata .ac.ke. Majina yanafanana, kazi mbalimbali.

#29 Fundi wa Kurasa
Nimerudi, samahani, kazi zilibana. Mlinda Seva, nimefuata ushauri wako wa #26 na moyo wangu umeshuka. Nje ya 47 nimepata 8. Mojawapo ni ya jarida la utafiti lenye makala za wahadhiri wetu za miaka 9. Jina limesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mhadhiri aliyeondoka, na alikuwa akilipia kutoka mfukoni. Amenipokea simu vizuri sana, akaniambia alisubiri miaka mtu amuulize. Angeacha kulipa tu, makala zile zingepotea, au zile kamari za #3 zingekaa juu yake.

Drupal mbili ni za toleo la 7, Kijana wa Ngara. Ulikuwa sahihi. Nimeomba ruhusa zigeuzwe ziwe kurasa tuli (za kusomwa tu, bila programu nyuma yake) wiki hii, bila kusubiri kamati.

Kuhusu jedwali la kugawa kazi, nimelichora kwenye ukurasa mmoja. Mkuu wangu amelipenda, kisha akauliza: "Na zabuni?"

#30 Kijana wa Ngara
Mwambie zabuni iwe ya miaka 3 ya matunzo, ujenzi uwe sehemu ndogo ndani yake. Na nywila zote na usajili wa majina zikae kwa chuo siku ya kwanza. Nasema hivi ingawa inaniharibia biashara: wapo wenzangu wanaozuia nywila hadi walipwe deni la pili.

#31 Mwalimu wa Jioni
Mimi bado nasema mwendo ndio utakaoamua. Andika kwenye jedwali lako: tangazo la kitivo liwe hewani ndani ya saa 24, bila sahihi ya mtu wa kati. Ukiliweka hilo, nitawashawishi wenzangu tuirudishe ile tovuti yetu ya nje. Usipoliweka, siwezi.

#32 Mlinda Seva
Bila mapitio kabisa? Akaunti moja ya mhariri ikiibwa, saa 24 ni nyingi mno.

#33 Mwalimu wa Jioni
Uthibitisho wa hatua mbili upo kwa ajili hiyo. Usinirudishie fomu kwa jina la usalama.

#34 Mama Rekodi
Na tovuti za idara zilizounganishwa au kufutwa, Fundi? Mwenye ukurasa ni ofisi, sawa, lakini ofisi nazo hufa. Sisi tulikuwa na rafu ya mafaili ya idara zisizokuwepo, na mtu wa kuilinda.

#35 Fundi wa Kurasa
Mama, hilo sina jibu. Nimelihesabu: katika tovuti zisizo na mwenyewe, 7 ni za idara ambazo hazipo tena kwenye muundo wa chuo. Msajili anasema ni za TEHAMA, TEHAMA wanasema ni za msajili. Kikao ni Alhamisi.

Sikio, nilikwenda ofisi ya mitihani leo. Wamekubali kunipa jedwali lenyewe kabla ya mhuri. Nimelipandisha kama ukurasa wa kawaida, kiungo nimekutumia kwenye ujumbe wa ndani. Hebu lijaribu.

#36 Sikio
Nimelifungua. Linasoma siku, saa na chumba vizuri hadi safu ya kitivo cha sayansi. Kutoka hapo mmeunganisha visanduku viwili, NVDA inaruka chumba na kwenda somo linalofuata. Vitenganishe, kisha nitumie tena kabla ya saa 3 usiku, nina mtihani kesho na nadhani ni asubuhi.